Muwasho wa Usiku Hutibiwa Jioni

Malalamiko wanayopelekewa madaktari wa ngozi, kuanzia Moshi hadi Mombasa, yanafanana sana: mchana mtu anavumilia, usiku halali. Ameoga maji ya moto kwa sabuni ya dawa, amejisugua kwa dodoki, amepaka tyubu aliyouziwa dukani, amemeza Piriton, na bado saa nane usiku yuko macho anajikuna, shuka lina madoa ya damu. Kwa kuwa muwasho humwamsha usiku, naye huutafutia dawa usiku huo huo, kwa haraka na kwa hasira. Mimi nashikilia kwamba vita hii huamuliwa mapema zaidi, katika zile saa mbili tatu kati ya kuoga na kulala, na kwamba mengi tunayoifanyia ngozi saa hizo ndiyo yanayoifanya iwashe. Wala hili si suala la starehe tu. Mtoto asiyelala hashiki anachofundishwa darasani, mzazi anayemkuna usiku kucha anafika kazini amechoka, na michubuko ya kucha ni mlango wa bakteria ambao, kwa baadhi ya watoto, huishia kuumiza figo.

Lakini ngozi isilaumiwe kabla ya kuulizwa swali moja: nyumbani nani mwingine anajikuna? Wakiwa wawili au zaidi, na muwasho ukizidi wakishaingia kitandani, wa kwanza kushukiwa ni upele. Mdudu wake, ambaye Mwitaliano Giovanni Cosimo Bonomo alimtazama kwa hadubini na kumweleza katika barua ya mwaka 1687, hafiki nusu milimita. Jike huchimba ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kwa siku, na mgonjwa wa kawaida huwa na wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Kinachowasha hasa ni mwili unavyowakataa wadudu hao, mayai yao na kinyesi chao, na kukataa huko huchukua muda kuanza. Ndiyo maana anayeupata upele kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne hadi sita bila dalili yoyote, huku akiwaambukiza anaolala nao. Tazama katikati ya vidole, kwenye viungo vya mikono, kiunoni, makalioni, kuzunguka chuchu na sehemu za siri. Alama yenyewe ni kijistari chembamba kilichopindapinda, cha milimita chache hadi sentimita moja, chenye kitone mwishoni. Kwenye ngozi nyeusi hakionekani kirahisi, kwa hiyo mhudumu anaweza kupaka wino wa kalamu juu ya sehemu anayoishuku kisha akaufuta kwa spiriti. Wino wa juu hutoka wote, ule uliozama kwenye njia ya mdudu hubaki, na kijistari kinajichora chenyewe.

Ikiwa ni upele, jioni ya matibabu ni ya kaya nzima. Dawa ya benzili benzoeti, ile ambayo wengi madukani huiita BBE, au permethrini ya asilimia 5, hupakwa kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, chini ya kucha na katikati ya makalio pia, na kwa watoto wachanga mhudumu huelekeza kichwa kipakwe vilevile. Kupaka pale panapowasha peke yake ni kumfukuza mdudu kutoka chumba kimoja na kumwachia vingine. Permethrini huachwa mwilini saa 8 hadi 14, kisha kazi hiyo hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Nguo, mashuka na mataulo ya siku tatu zilizopita hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, au yale yasiyofulika hufungiwa kwenye mfuko kwa siku kadhaa, maana mdudu huyu akiwa nje ya mwili wa mtu hamalizi siku nyingi. Wapo wanaoona kuwapaka dawa wasiowashwa ni ubadhirifu. Jibu lao limetoka Fiji, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Katika jamii ambako wagonjwa na watu wao wa karibu tu ndio waliotibiwa, upele ulishuka kwa mwaka mmoja kutoka karibu asilimia 37 ya watu hadi 19. Pale ambapo karibu kila mtu alipewa ivermektini ya kumeza, awe na upele au asiwe nao, ulishuka kutoka asilimia 32 hadi 2. Dawa hiyo wakazi wa Mahenge wanaifahamu kwa kuimeza dhidi ya usubi. Haipewi wajawazito wala watoto wenye uzito chini ya kilo 15. Shule zetu za bweni, ambako kitanda kimoja kinatibiwa na cha jirani kinaachwa, zingefaa kuusoma utafiti huo kwa makini.

Kuna kosa moja la baada ya upele ambalo linaunganisha ugonjwa huu na ngozi nyeti, nitakayoifikia punde. Muwasho huweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata wadudu wakiwa wamekwisha kufa, kwa sababu mabaki yao bado yamo ndani ya ngozi. Mgonjwa akidhani dawa haijafanya kazi, hurudia BBE kila usiku, na dawa hiyo ni kali. Huunguza na kukausha. Baada ya mwezi upele haupo, bali kuna ukurutu uliotengenezwa na tiba. Wiki hizo mtu huyo anahitaji mafuta ya kulainisha ngozi, na pengine krimu nyepesi ya kutuliza aliyoandikiwa, siyo chupa nyingine ya dawa ya upele.

Sasa tuje kwa yule ambaye nyumbani anajikuna peke yake, mwenye ngozi nyeti au pumu ya ngozi, yaani ukurutu wa mzio. Tabaka la juu kabisa la ngozi, jembamba kuliko karatasi, limejengwa kama ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, na mafuta ya asili yaliyo katikati yake ndiyo udongo wa kuyashikisha. Udongo ukipungua, maji ya mwilini hupotea hewani, na sabuni, vumbi, jasho na vijidudu hupenya kwenda kuamsha neva za muwasho. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba hitilafu za kurithi katika protini iitwayo filagrini huwaweka watu wengi wa Ulaya katika hatari ya pumu ya ngozi. Kwa Waafrika hitilafu hizo ni nadra zaidi, lakini ngozi inayovuja ni ile ile. Usiku mambo mawili matatu huiangukia kwa pamoja. Homoni ya kortisoli, ambayo mwili huitumia kuzima uvimbe, hushuka kabisa karibu na saa sita usiku na hupanda tena alfajiri. Joto la ndani ya mwili hupungua kwa kusukumwa nje kupitia ngozi, nayo ngozi yenye joto huwashwa zaidi. Upotevu wa maji kupitia ngozi huongezeka jioni na usiku. Tena hakuna kazi, hakuna mazungumzo, hakuna kitu cha kuushughulisha ubongo. Anayesema muwasho wake huzidi usiku hadanganyi wala hadeki. Na kwa kuwa saa ya mwili inajulikana, udhaifu huu unaweza kutanguliwa.

Badala ya kuutangulia, tunauongezea nguvu. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, kati ya 4.5 na 5.5 kwenye kipimo cha pH. Sabuni ya kipande ya kawaida iko karibu na 9 au 10. Kila inapopita, huondoa uchafu pamoja na ule udongo wa ukuta, na huchukua saa kadhaa asidi ya ngozi kurudi. Ongeza maji ya moto yanayoyeyusha mafuta, dodoki linalokwangua, na kifuniko cha dawa ya kuua vijidudu kilichomiminwa kwenye beseni la mtoto, na umeiandaa ngozi kuwasha usiku kwa uhakika ule ule ambao ungeandalia chai. Najua pingamizi linalofuata, na ni la haki: Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar zina joto, watu wanatoka jasho na kushika vumbi, na jasho lenyewe linawasha. Hakuna anayesema watu wasioge. Maji yanatosha kuondoa jasho na chumvi yake mikononi, miguuni na mgongoni. Sabuni isiyo na manukato itumike kwapani, kinenani na kwenye nyayo. Maji yawe ya uvuguvugu au baridi ya bomba, dakika zisizidi 10, na taulo likaushe kwa kugandamiza tu. Kinachonisikitisha zaidi ni imani iliyojificha nyuma ya dodoki, kwamba anayejikuna ni mchafu. Imani hiyo humfanya mama amsugue mwanawe mwenye pumu ya ngozi kwa bidii zaidi kila hali inapokuwa mbaya, kwa mapenzi na kwa aibu ya majirani.

Mara tu baada ya kugandamiza taulo, ngozi ingali na unyevu, ndipo mafuta yanapopakwa, ndani ya dakika tatu hivi. Huu ndio moyo wa jioni, na ndipo wengi wanapobania. Mtu mzima mwenye ngozi kavu mwili mzima huhitaji kati ya gramu 250 na 500 kwa wiki. Kikopo kidogo cha mafuta ya mgando kinachodumu miezi miwili maana yake hakitumiki. Mkono ushuke kufuata vinyweleo, bila kusugua juu na chini, ili vinyweleo visizibe na kutoa vipele. Mafuta gani? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2022, wenye watoto 550, ulilinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito na haukuona tofauti ya maana katika kuudhibiti ukurutu. Bora ni yale ambayo mtu atayatumia kweli. Njombe au Limuru wakati wa baridi, mafuta ya mgando yasiyo na harufu yatapendeza. Mombasa mwezi wa Februari yataleta joto na harara, na losheni nyepesi itafaa zaidi. Mafuta ya nazi, ambayo pwani hayahitaji kutambulishwa, yalipimwa Ufilipino kwa watoto 117 wenye pumu ya ngozi isiyo kali, katika utafiti uliochapishwa 2014, na baada ya wiki nane yakafanya vizuri kuliko mafuta ya madini. Mafuta ya zeituni yana heshima kubwa jikoni na katika dini, lakini watafiti wa Sheffield walipowapaka watu wazima mikononi kwa wiki kadhaa waliona yanaudhoofisha ukuta wa ngozi. Kwa ngozi nyeti yabaki jikoni.

Hapa msomaji makini anaweza kunirudi: je, utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2020 haukuonyesha kwamba kupaka mafuta hakusaidii? Ulihusisha watoto wachanga 1,394 waliotoka katika familia zenye mizio. Nusu walipakwa mafuta kila siku kwa mwaka mmoja, na walipofikisha miaka miwili, asilimia 23 walikuwa na ukurutu dhidi ya 25 ya wasiopakwa. Ni kweli, na matokeo hayo nayakubali bila kupunguza chochote. Yanatufundisha kwamba mafuta hayawezi kuuzuia ugonjwa usije kwa mtoto aliyeurithi, na mzazi ambaye mwanawe ameupata asijilaumu kwamba hakumpaka vya kutosha. Swali letu ni jingine: ngozi ambayo tayari inavuja ifanyiwe nini? Huko ushahidi uko upande wa mafuta. Hurefusha muda kati ya mlipuko mmoja na mwingine na hupunguza kiasi cha dawa kali kinachohitajika.

Dawa kali hizo zina hadithi ndefu katika maduka yetu. Tyubu inayouzwa zaidi kwa mwenye muwasho, tena bila cheti, huwa na vitu vitatu ndani yake: steroidi yenye nguvu kama betamethasoni au klobetasoli, dawa ya bakteria na dawa ya fangasi. Muuzaji hajapima wala hajauliza, kwa hiyo anarusha vyote. Usiku wa kwanza muwasho unatulia, na hapo ndipo mtego unapofyatuka, kwa sababu steroidi huutuliza muwasho wa karibu kila kitu, ukiwemo wa upele na wa fangasi, huku wadudu na fangasi wakiendelea kuzaliana chini ya ngozi iliyonyamazishwa. Klobetasoli, kwa vipimo vya maabara, ina nguvu mara mamia kuliko haidrokotisoni. Ikipakwa usoni au kwenye mapaja ya mtoto kwa miezi, ngozi huwa nyembamba, huchora mistari isiyofutika, na ikiachwa ghafla hulipuka kwa muwasho mbaya kuliko ule wa mwanzo. Kwa weusi wetu lipo tatizo la ziada. Ukurutu hauonekani mwekundu kama picha za vitabu vya Ulaya. Huwa wa kijivu, wa zambarau au kahawia iliyokolea, mara nyingi vipele vidogovidogo kwenye vinyweleo, na baadaye huacha madoa meusi. Wasiojua huudharau ukiwa mkali, na kisha hupigana na madoa kwa mkorogo, ambao mara nyingi una steroidi ile ile, haidrokwinoni au zebaki. Mtu alianza na ngozi nyeti, sasa ana ngozi isiyo na kinga kabisa.

Hata hivyo siungi mkono hofu ya upande wa pili, ya wale wanaokataa steroidi yoyote na kumwacha mtoto atokwe na usaha. Iliyochaguliwa kwa sehemu ya mwili na kwa siku zinazohesabika, hiyo ni dawa nzuri, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2022 yaliona kwamba kwa zile zenye nguvu, kupaka mara moja kwa siku huenda kunafaa sawa na mara mbili au zaidi. Mara moja hiyo iwe jioni. Kipimo chake kinafahamika: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kunjo la kwanza, kama nusu gramu, unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Mapitio hayo hayo yaliona kuwa kwa mwenye ukurutu unaorudirudi, kupaka siku mbili tu za wiki pale unapopenda kutokea kulipunguza waliolipukiwa tena kutoka asilimia 58 hadi 25. Lakini hayo ni ya kuelekezwa na anayejua ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wahudumu wa namna hiyo tangu 1992, kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao wako katika hospitali za mikoa ambako wagonjwa hawajui kuwa wapo.

Piriton nayo ipewe nafasi yake halisi. Inashindana na histamini, na muwasho wa pumu ya ngozi hauongozwi sana na histamini. Mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka 2019, hayakupata ushahidi thabiti kwamba dawa za jamii hiyo zikiongezwa juu ya tiba ya kupaka huleta nafuu ya maana. Inachofanya ni kusinzisha. Usingizi wake si mzuri kama wa kawaida, na asubuhi mtoto hufika shuleni akiwa mzito. Kwa mabaka yanayovimba ghafla na kupotea ndani ya saa chache, dawa za kuzuia histamini zinafaa sana, na zisizolevya ndizo bora. Vilevile kumnyima mtoto mayai, samaki na maharage kwa miezi bila kipimo, kwa dhana ya mzio, humpunguzia lishe na mara nyingi hakumpunguzii muwasho.

Je, kujikuna kwenyewe? Mgonjwa huambiwa asijikune, naye hawezi, kwa sababu maumivu madogo ya kucha huzima ujumbe wa muwasho kwenye uti wa mgongo na kuleta raha ya kweli. Mapema mwaka 2025 watafiti wa Pittsburgh walieleza katika jarida la Science jinsi raha hiyo inavyolipiwa. Waliwavisha panya kola shingoni ili wasijifikie, wakawalinganisha na walioachwa wajikune. Waliojikuna walivimba zaidi, kwa kuwa neva za maumivu zilizochochewa na kucha ziliziamsha upya seli za mzio. Utafiti huo huo uliona pia kwamba kujikuna kulipunguza bakteria fulani juu ya ngozi, na wapo watakaolishika hilo kuwa ruhusa. Mimi naona faida hiyo haimfai mtu anayejikuna kila usiku kwa miaka, ambaye ngozi yake tayari imechanika. Kucha zikatwe fupi, mtoto alale na soksi za pamba mikononi, na kitambaa kilicholowa maji baridi kiwe karibu na kitanda. Ubaridi nao huuzima muwasho, na hauchani.

Mpaka wa hoja yangu ni huu: inamhusu mtu ambaye ngozi yake yenyewe ndiyo yenye kasoro. Mtoto anayewashwa njia ya haja kubwa usiku kwa kawaida ana minyoo, na dawa yake ni ya kumeza kwa familia yote. Vipele vinavyowasha sana mikononi na miguuni, visivyokwisha kwa mtu mzima, ni sababu ya kupima VVU. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa 2004 ulivihusisha na mwili wenye kinga dhaifu unavyopokea kuumwa na wadudu. Anayewashwa mwili mzima bila vipele wala ukavu, akiwa amepungua uzito, amechoka au macho yamegeuka manjano, apimwe figo, ini, damu na tezi ya shingo kabla ya kununua mafuta mengine. Na mjamzito wa miezi ya mwisho anayeanza kuwashwa usiku kwenye viganja na nyayo, bila kipele hata kimoja, asiambiwe ni kawaida ya mimba wala asisubiri tarehe yake ya kliniki. Aende asubuhi ile ile apimwe ini na kiwango cha asidi za nyongo katika damu, kwa sababu kiwango hicho kikipanda sana, hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda nacho.